Pikapu ya kulala: pesa ilivyotoka, na siku mtandao ulipopotea Loiyangalani

Saa tisa mchana, Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Pikapu yangu imeinama upande wa kushoto kama punda aliyezidishiwa mzigo. Jani kuu la springi ya nyuma limekatika kwenye yale mawe meusi kabla ya kufika ziwani, na tumeingia mjini kwa mwendo wa mtu anayetembea. Fundi mmoja kijana amelala chini ya gari dakika mbili hivi, akatoka akijipangusa mikono.

"Mkubwa, niko na springi ya Land Rover ya zamani. Nitaikata ikae. Elfu nne. Lakini iwe keshi, mtandao hakuna tangu jana usiku."

Kwenye simu nilikuwa na shilingi 38,000. Mfukoni nilikuwa na 1,350.

Nitarudi kwa hiyo springi. Kwanza nikueleze gari lenyewe, kwa sababu springi haikukatikia Loiyangalani. Ilianza kukatika miezi saba nyuma, Nairobi, siku niliyobonyeza simu na kutuma pesa nyingi kwa mtu mmoja kwa mara moja.

Nilichokuwa nataka si kitu cha ajabu. Pikapu ya tani moja, ya mlango mmoja kila upande, four-wheel, halafu nyuma yake sanduku la kulala watu wawili, lenye kitanda, jiko, maji na stima ya jua. Gari la kukutoa Nairobi Ijumaa na kukuweka Chalbi siku kumi bila kuuliza mtu chumba. Za kununua zikiwa tayari zipo, zinaagizwa kutoka nje, lakini bei yake inaweza kununua shamba. Kwa hiyo wengi wetu tunajenga polepole, kipande kwa kipande, mshahara kwa mshahara. Na hapo ndipo simu inapoingia, maana karibu kila kipande kinalipiwa kwa simu.

Gari lenyewe nililinunua kwa mtu. Sitakaa sana hapo. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, nilitafuta rekodi za gari kupitia huduma ya NTSA kwenye eCitizen. Ada yake ni ndogo, na inakuonyesha gari ni la nani na kama kuna benki inayolishikilia. Jina la rekodi, jina la kitambulisho na jina la akaunti inayopokea pesa yawe moja. Mwenye gari akikuambia "tumia hii laini ya ndugu yangu", ngoja kwanza. Bei ya gari nililipa kupitia benki, na logbuku ikahamishwa siku hiyo hiyo tukiwa tumekaa pamoja.

Hesabu ya kilo

Watu wanaojenga magari haya hupenda kuzungumzia winchi na taa za juu. Mimi naomba uzungumzie kilo. Pikapu ya tani moja maana yake ni kwamba kila kitu unachoongeza, pamoja na ninyi wenyewe mliokaa ndani, kisizidi kilo 1,000 hivi. Hiyo ni kwenye lami. Fundi wa springi mwenye mvi aliniambia kwa njia ya mawe nisivuke robo tatu ya hapo. Kwa hiyo nilikuwa na kilo 750, na nilikaa na daftari nikazigawa.

Watu wawili, 150. Maji lita 80, na lita moja ya maji ni kilo moja kamili, hapo hakuna kubahatisha. Dizeli ya ziada lita 40, kama kilo 34. Betri, friji ya volti 12 na chakula ndani yake, tairi ya pili ya akiba, jeki na vifaa, mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao na chuma chake unafika kama 13, mbao za kitanda na godoro, paneli, nguo na sufuria. Nilipojumlisha nilipata 547. Nikabaki na kilo 200 na kidogo za sanduku lenyewe. Zinatosha kabisa, kama sanduku ni la aluminiamu.

Hesabu ya shiti ni rahisi, fanya mwenyewe. Sanduku langu lilihitaji mita za mraba 12 hivi. Chuma cha geji 16, ambacho unene wake ni kama milimita 1.6, ni karibu kilo 12.6 kwa mita ya mraba. Aluminiamu ya milimita 2 ni kilo 5.4. Mara kumi na mbili: chuma 151, aluminiamu 65. Na bado hujaweka fremu. Bomba la mraba la chuma la inchi moja na nusu lina zaidi ya kilo mbili kila mita, na sanduku kama hilo linameza mita 40 bila kushiba.

Tulikubaliana na fundi: aluminiamu, shiti na fremu, shilingi 150,000 na kazi yake ndani. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mkubwa, nitumie asilimia sabini ya materio, mwenye duka amesema bei inapanda kesho." Nikatuma 105,000 nikiwa nimesimama hapo hapo kwenye yadi, kwa laini yake binafsi. Bila karatasi. Bila kuona hata shiti moja. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Pengine nilikuwa nafikiria Chalbi.

Ukishatuma asilimia sabini, wewe si mteja tena, wewe ni mtu anayedai. Wiki mbili zikawa miezi miwili. Stima ilipotea, kijana wa rangi alifiwa, mashine ya kuchomelea iliharibika. Mwishowe sanduku likatoka, limepakwa rangi nyeupe safi, na kwa furaha nikamalizia kulipa. Kumbe ndani ya ile rangi kulikuwa na chuma kitupu. Sumaku ya shilingi hamsini ingeniambia, maana sumaku haishiki aluminiamu. Sikuwa na sumaku, na sikuuliza kwa nini watu wanne waliguna wakilipandisha garini.

Kuhusu hilo sanduku, jambo moja la sheria. Ukibadilisha bodi ya gari moja kwa moja, NTSA inahitaji likaguliwe na logbuku irekebishwe. Mimi nilichagua sanduku la kufungwa kwa bolti, linaloweza kushushwa. Hata hivyo niliwauliza watu wa bima kabla, kwa maandishi, na jibu lao nimelihifadhi. Gari lililobadilishwa bila bima kujua linaweza kukuletea maneno siku ya ajali.

Stima ya jua

Hapa nilifanya vizuri kidogo. Kinachokula stima kwenye gari la kulala ni friji, vingine ni makombo. Friji ndogo ya kompresa, ya volti 12, kwenye joto la kaskazini inaweza kula ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku. Taa za LED na simu mbili, weka 8 nyingine. Tuseme 45.

Betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 50 za kutumia. Siku moja, basi. Ya lithiamu ya ukubwa huo huo inakupa 80 au zaidi na uzito wake haufiki nusu, lakini bei inakata pumzi. Nilichukua ya asidi ya mzunguko mrefu na paneli mbili za wati 100. Paneli moja ya wati 100 kwenye jua la kule, ukitoa hasara za joto, vumbi na nyaya, inarudisha kama ampea-saa 30 kwa siku. Mbili zinarudisha 60. Unalala ukijua kesho betri itajaa tena, na simu yako haitazima. Simu ikizima, pesa yako nayo imelala.

Fyuzi weka karibu na betri kabisa, si karibu na taa. Waya ukisuguana na bodi ya gari kwenye njia ya mawe, fyuzi ndiyo itakayozuia godoro lisishike moto ninyi mkiwa juu yake.

Paneli na betri feki zimejaa. Kabla ya kulipa, tafuta alama ya ubora ya KEBS kwenye bidhaa, kisha tuma SM# ikifuatwa na namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo kwenda 20023. Majibu yanataja bidhaa na kampuni iliyopewa kibali. Duka moja mjini, nilipoanza kuandika ile namba, mwenye duka akakumbuka kwamba ana "nyingine nzuri zaidi" ndani ya stoo. Na lipa kwa tili ya duka, jina la duka likitokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Ukirudisha betri mwezi ujao, ule ujumbe ndio risiti ambayo haipotei kwenye mfuko wa suruali.

Gesi na maji nitapita haraka. Mtungi ukae kwenye kisanduku chake chenye tundu la chini linalotoka nje ya gari, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na inapovuja inatulia chini, hapo mnapolala. Na jiko la makaa lisiingie ndani ya sanduku hata kama kuna baridi ya Maralal. Hewa ya makaa inaua watu usingizini bila harufu ya kuwaamsha. Maji weka chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Yakikaa nyuma na juu, gari linayumba kila kona.

Pesa mahali ambapo hakuna mnara

Tuliondoka mwezi wa Julai, kiangazi, kwa sababu mvua ikinyesha Chalbi inageuka tope na hakuna four-wheel ya kukuokoa. Lami inakufikisha Marsabit bila shida, na inaendelea mpaka Moyale. Sisi tulikatia Maikona, Kalacha, North Horr, halafu ziwani. Ukitoka Marsabit kwa njia hiyo, una zaidi ya kilomita 200 za changarawe, mchanga na mawe. Dizeli utaipata kwenye miji midogo, lakini mara nyingi kwa mtungi na kwa bei ya mtungi. Kwenye mchanga tulishusha upepo wa tairi kutoka 36 hadi 20, na gari lililokuwa linakwenda kilomita 10 kwa lita likawa linakwenda 6.

Mtandao upo kwenye miji, na kati ya miji unapotea. Tena kule mjini penyewe mnara ukizima, umezima kwa kila mtu: ajenti, duka, fundi, hoteli. Kwa hiyo haya niliyafanya, na mengine nilijifunza kwa kichwa kugonga.

Marsabit ndipo pa kutoa keshi. Nilitoa 6,000, na nilijiona nimetoa nyingi. Ningetoa 15,000, na nyingi ziwe noti za 100 na 200, kwa sababu kwenye kijiji noti ya elfu moja haina chenji, na ajenti wa mji mdogo floti yake inaweza kuisha saa nne asubuhi. Zigawe mahali tatu ndani ya gari. Malipo ya hifadhi maliza ukiwa bado na mtandao. Kama unafikiria kupitia Sibiloi, KWS haipokei keshi langoni, unalipa kupitia eCitizen, na risiti uiweke ndani ya simu na kwenye karatasi pia.

Mtandao ukiwa dhaifu, programu ya simu inazunguka tu. Menyu ya kubonyeza nyota na namba haihitaji data, inapita hata kwenye mtandao wa zamani wa 2G, kwa hiyo ikariri kabla hujatoka. Na ukituma pesa mtandao ukakatika katikati, usitume tena. Ngoja, angalia salio, kisha ndipo uamue. Mke wangu alilipa dizeli mara mbili Kalacha kwa sababu ujumbe ulichelewa, na yule kijana wa dizeli akarudisha mwenyewe jioni. Alikuwa muungwana. Si kila mtu atakurudishia.

Halafu kuna hili ambalo watu wengi hawalifikirii. Mtu akifanikiwa kubadilisha laini yako kwa ulaghai, dalili ya kwanza huwa simu yako kupoteza mtandao ghafla. Sasa wewe uko Chalbi, mtandao umepotea siku tatu, utajuaje? Hutajua. Kwa hiyo kabla ya safari ndefu, usiache pesa nyingi kwenye simu. Hamisha iliyo ya ada na kodi ya nyumba kwenye akaunti isiyotoka kwa kubonyeza tu, na muulize mtoa huduma wako jinsi ya kufunga laini isibadilishwe bila wewe kufika dukani. PIN usimwachie mtu nyumbani "akusaidie kulipa stima". Lipa tokeni za wiki mbili kabla ya kuondoka.

Springi

Basi, Loiyangalani. Zile 6,000 za Marsabit zilikuwa zimeliwa na dizeli ya mtungi, maji na mbuzi nusu tuliyenunua Kalacha kwa tamaa. Fundi ananiangalia, mimi naangalia simu. Nilitaka kumwachia kitambulisho mpaka mtandao urudi, mke wangu akanifinya. Alikuwa sawa. Kitambulisho ndicho kinachotumika kubadilisha laini.

Mzee mmoja alikuwa amekaa mbele ya duka, anatafuna mswaki wake, ametusikia yote. Akaniita.

"Kijana, unataka ngapi?"

"Mzee, elfu tatu. Mtandao ukirudi tu nakutumia."

Akacheka. "Mtandao ukirudi na wewe ukiwa Maralal?"

"Sitaondoka, mzee. Hata gari haliwezi kuondoka."

Hilo lilimfurahisha. Akaingia ndani, akatoka na noti zimekunjwa ndani ya karatasi ya sukari. Hakuuliza jina langu. Niliandika mwenyewe kwenye daftari lake, jina, namba ya simu, namba ya gari na kiasi, nikatia sahihi, naye akalitazama hilo daftari kwa muda kama mtu aliyepewa zawadi asiyoihitaji.

Fundi alifanya kazi mpaka giza. Jani la Land Rover lilikuwa refu, akalikata, akalitoboa tundu la bolti ya katikati kwa mkono, akakaza zile bolti za duara kwa bomba refu huku vijana wawili wamelikalia. Alipomaliza alipiga ubavu wa sanduku kwa kiganja. Likalia kwa sauti nzito.

"Mkubwa, hili ni chuma?"

"Ni aluminiamu," nikasema.

Akaokota sumaku kwenye kisanduku chake cha bolti na kuibandika mlangoni. Ilibaki hapo hapo imening'inia. Hakuna aliyesema kitu. Upepo wa Kulal ulikuwa umeanza, ule wa usiku unaopeperusha hata viti.

Tuliporudi Nairobi nilipeleka gari kwenye mizani likiwa limepakiwa vile vile. Lilikuwa limezidi daftari langu kwa kilo 140 na kidogo. Lile sanduku nililiuza kwa mtu anayebeba mboga Gikomba, na naambiwa halina shida kwenye lami. La pili limejengwa na fundi mwingine, na malipo yake yalikwenda tofauti. Shiti na bomba nilizilipia mwenyewe, moja kwa moja kwa tili ya duka la chuma, zikapakiwa mbele yangu nikiwa na sumaku mfukoni. Kazi ya mikono ilikuwa 48,000. Nikatoa 15,000 fremu iliposimama, 18,000 milango ilipofunga na sanduku kumwagiwa maji ya mpira nusu saa bila kuvuja, na 15,000 za mwisho baada ya kulizungusha kwenye murram ya Kajiado wikendi nzima na kurudi kuhesabu nyufa. Zilikuwa mbili. Alizichomelea, nikatuma. Kila awamu tuliandikiana kwa ujumbe kabla ya pesa kutoka: kazi gani, kiasi gani, lini. Mwanzoni alinuna kidogo. Awamu ya pili yeye ndiye aliyekuwa ananikumbusha, "Bosi, tuandikie kwanza."

Mtandao wa Loiyangalani ulirudi kesho yake, saa kumi na moja jioni. Ulitambulika kwa sababu mji mzima ulilia kwa wakati mmoja, simu zote zikipokea ujumbe wa siku mbili. Nilikwenda dukani. Mzee akanitajia namba kwa kichwa, nikaandika 3,000, nikaongeza na ya kutoa. Kabla ya PIN, simu ikaonyesha jina la mwenye laini. Lilikuwa la mwanamke.

Nikasita. Nikamsomea kwa sauti.

"Huyo ni binti yangu," akasema, na kuita ndani. Msichana akatoka na simu mkononi, mfuniko wake umefungwa kwa raba. "Mimi sijui mambo ya kubonyeza. Lakini umefanya vizuri kuuliza."

Nikaweka PIN. Simu ya msichana ikalia. Akamsomea baba yake kiasi kwa lugha yao, mzee akachukua lile daftari, akatafuta ukurasa wangu, na kuupiga mstari.